Boti Itangulie, Miguu Ifuate: Matembezi Mepesi Kando ya Ziwa Tanganyika

Ukimwambia mtu unakwenda Gombe, swali la kwanza huwa ni kama magoti yako sawa. Swali lenyewe lina haki yake, maana sokwe hukaa mabondeni na kwenye miteremko mikali ya msitu, na kuwafuata humtoa jasho hata kijana anayecheza mpira kila jioni. Matokeo yake mama mwenye presha, mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga na wazazi wenye watoto wadogo hujiengua mapema, wakiamini kwamba upande ule wa Ziwa Tanganyika si wao. Nawaandikia hao. Ipo safari nyingine pale pale, na kwa maoni yangu ndiyo tamu zaidi: unapanda boti asubuhi Kigoma, inakuteremsha ufukweni pasipo na barabara wala bodaboda, unatembea taratibu ukiwa na maji upande mmoja na msitu upande wa pili, na ukichoka unarudi chomboni. Siku nzima husikii honi.

Kukosekana kwa magari huko kumetokana na umbile la nchi. Ziwa limelala ndani ya bonde la ufa, refu kiasi cha kilomita 673, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Kaskazini ya Kigoma milima inashuka moja kwa moja hadi majini, bila kuacha tambarare ya kutosha kupitisha barabara. Kwa hiyo vijiji vya mwambao kama Mtanga na Mwamgongo vimeishi miaka mingi kwa boti na kwa miguu: mgonjwa hupelekwa hospitali kwa boti, saruji na bati huja kwa boti, mwalimu mpya hufika kwa boti na godoro lake. Kati ya vijiji hivyo viwili ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ukanda mwembamba wa msitu usio na barabara hata moja ndani yake.

Kabla ya kuulizia bei na malazi, shika jambo moja: tembea upande mmoja tu. Watu wengi hushuka botini, hutembea ufukweni kwa furaha mpaka wachoke, kisha ndipo wanakumbuka kwamba njia waliyokuja nayo ndiyo ya kurudia. Mchanga uliokuwa baridi saa mbili asubuhi, saa sita unachoma, na mzee aliyekwenda akiimba hurudi akiburuta mguu. Mwambie nahodha akuteremshe mahali fulani, kisha akusubiri mbele, au boti iambae taratibu karibu na ufuko huku nyinyi mkitembea. Kundi la watu wa umri tofauti linafaidika sana na mpango huu. Bibi atatembea robo ya njia na kupanda chombo, wajukuu watatembea yote, na hakuna atakayemcheleweshea mwenzake siku wala kujisikia mzigo.

Mpango huo unahitaji boti ya kukodi, na hapo lazima nieleze aina mbili za usafiri, kwa sababu wageni huzichanganya na kuharibikiwa na ratiba. Safari huanzia mwalo wa Kibirizi, kilomita kama 3 kaskazini ya katikati ya mji wa Kigoma. Pale zipo boti za abiria za mbao zenye injini ya nyuma, zinazohudumia vijiji mpaka karibu na mpaka wa Burundi. Hizi zimepangwa kwa faida ya wanakijiji: asubuhi na mapema huwaleta mjini na dagaa na mawese yao, mchana huwarudisha na sukari, sabuni, kreti za soda na mabati. Mgeni anayetoka mjini kwenda Gombe kwa boti hiyo ataondoka mchana na kufika jioni, baada ya saa mbili au tatu, na zaidi ikiwa boti inasimama kila kijiji. Hawezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lazima alale, kisha adake boti ya asubuhi inayotoka Mwamgongo. Nauli ni ndogo na mazungumzo ni mazuri, lakini jua ni la wote, na huwezi kumwamuru nahodha akusubiri. Siku za Jumapili usizitegemee bila kuuliza kwanza.

Boti ya kukodi ni ghali kwa mtu mmoja, ila watu sita au wanane wakichangiana inabebeka. Kinachopandisha bei ni petroli, kwa hiyo mwambie nahodha njia yote mnayotaka kupita, pamoja na masaa ya kusubiri na mpango wa kuambaa ufuko, kabla hajataja bei. Msipoeleza hayo mapema mtakuja kubishana mkiwa katikati ya maji, na huko mwenye usukani ndiye mwenye neno. Ukiweza, lala usiku mmoja Gombe hata kama umekodi. Safari ya siku moja inawezekana, lakini inakulazimisha kuondoka kabla ya mapambazuko na kuitazama saa mchana kutwa, na mtu anayehesabu dakika hawezi kukaa juu ya jiwe akatazama mdiria akivua.

Sasa upepo. Kwa kawaida ziwa hutulia alfajiri na asubuhi, kisha kadiri ardhi inavyopata joto upepo huamka na mawimbi hupanda. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, kusi huvuma kwa nguvu, na boti ndogo inaweza kuwa na saa moja ngumu mchana hata kama asubuhi maji yalikuwa yamelala. Masika na vuli hatari ni nyingine: dhoruba huja ghafla, wingu jeusi likishuka milimani na mvua ikafuata muda mfupi tu. Hivyo ukikodi, majini ingia mapema, ufukweni tembea kati ya saa mbili na saa nne na nusu asubuhi, mchana mpumzike kivulini, kisha mtembee tena kidogo kuanzia saa kumi. Matembezi ya jioni ndiyo mafupi, ila ndiyo ninayoyapenda, kwa sababu jua linazama upande wa pili, nyuma ya milima ya Kongo, na ufuko wote unabadilika rangi.

Kuna sehemu moja ngumu ambayo matangazo ya utalii hayaitaji, nayo ni kushuka. Sehemu nyingi za mwambao hazina gati. Boti inaelekezwa ufukweni, injini inanyanyuliwa, kijana mmoja anaruka majini na kuishika pua ya chombo, kisha abiria wanashuka mmoja mmoja kwenye maji ya magotini huku mawimbi yakiinua na kushusha boti. Kijana haoni taabu. Mtu wa miaka 70 anaona taabu kubwa, kwa sababu ukingo wa boti uko juu, mbao zina maji, na mguu unaotangulia haujui chini kuna mchanga au jiwe. Nenda Kibirizi siku moja kabla, iangalie boti yenyewe, na mwombe mzee wenu apande na kushuka mara moja hapo hapo mwaloni mbele ya nahodha. Uliza kama wana ngazi fupi au ubao mpana wa kutegesha. Kama hawana, nunua stuli imara ya plastiki sokoni. Itatumika kama daraja la kushukia, halafu itakuwa kiti cha kupumzikia njiani. Mwanamke mzee avae suruali nyepesi chini ya kanga ili aweze kunyanyua mguu bila kuhangaika na nguo. Viatu viwe vya kamba vinavyoweza kulowa. Ndala hunaswa na mawimbi na kwenda zake.

Kwenye suala la usalama wa chombo usione haya hata kidogo. Kila abiria awe na jaketi lake la kuokoa maisha, lililovaliwa na kufungwa, na la mtoto liwe la mtoto. Ukiona majaketi yamerundikwa chini ya mizigo, omba yatolewe kabla kamba haijafunguliwa. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo lenye jukumu la kukagua vyombo vya majini, na nahodha mwenye chombo kilichokaguliwa hachukizwi ukimuuliza cheti. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa, wengine wakiwa hatua chache tu kutoka gatini. Boti ikiwa imezama mno kwa mzigo, iache iende, hata kama ni ya mwisho siku hiyo. Kitanda cha gesti ya Kigoma bado kipo.

Mkifika Kasekela, iliko kambi kuu ya hifadhi, mtaandikishwa na kulipa. Malipo ya hifadhi hayapokewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo kamilisha utaratibu wa kumbukumbu namba ukiwa mjini, ambako mtandao una nguvu. Mtanzania na mwana Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini zaidi, lakini aoneshe kitambulisho. Uliza hapo hapo ni sehemu gani ya ufuko mnaweza kutembea wenyewe na wapi lazima mwongozaji awepo. Ndani ya msitu mwongozaji ni lazima siku zote.

Ufuko wa Gombe usiufikirie kama ule wa Zanzibar. Kuna vipande vya mchanga, kisha vipande virefu vya changarawe na mawe ya mviringo yanayozunguka chini ya kisigino. Fimbo inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kila baada ya mwendo mfupi unakutana na kijito kinachoshuka kutoka mabondeni, maji yake baridi na safi, cha kuvuka kwa hatua tatu nne. Wanaotembea kwa shida wavukie pale kijito kinapotanuka karibu na ziwa, kwa kuwa hapo maji hupungua kina na chini huwa mchanga. Ukisimama kwenye maji tulivu karibu na mawe utaona samaki wadogo wenye mistari na rangi za kila aina wakilinda vijieneo vyao. Ziwa hili lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii hiyo, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Watoto wanaweza kumaliza saa nzima hapo bila kudai simu.

Wengine mtakaokutana nao ni nyani. Nyani wa Gombe wamefuatiliwa na watafiti tangu 1967, wamewazoea watu, na hushuka ufukweni kuokota wanachokipata. Hawana ugomvi na anayepita zake, lakini mfuko wa karanga mkononi ni mwaliko. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa kwa zipu, mle ndani ya jengo au botini, na mtoto asitembee na ndizi. Nyani akisimama njiani, msimkazie macho. Pisheni pembeni kidogo na mwendelee.

Anayeona haya kubaki ufukweni wakati wenzake wanapanda mlima, amkumbuke Vanne Goodall, mama wa mtafiti wa sokwe Jane Goodall. Jane Goodall alifika Gombe kwa boti tarehe 14 Julai 1960, na kwa kuwa wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake, alikuja na mama yake. Binti alipanda milima kila siku kuwatafuta sokwe. Mama alibaki chini, akafungua zahanati ndogo ya kuwagawia wavuvi dawa za kawaida na kuwasafisha vidonda, na urafiki aliojenga pale mwambaoni ndio uliomfanya binti yake apokewe vizuri na wenyeji. Jane alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kazi iliyomfanya ajulikane duniani ilifanyika mlimani, lakini isingesimama bila mama yule wa ufukweni.

Kwa anayetaka kuonja msitu bila kupanda sana, njia ya maporomoko ya Kakombe inatosha. Inaanzia Kasekela na kufuata bonde chini ya kivuli cha miti mikubwa, na mkienda polepole mkipumzika mara mbili tatu, watu wengi wenye afya ya kawaida huimudu. Watoto wenye umri chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kuwatafuta sokwe, kwa hiyo familia zigawane: wakubwa waende juu na mwongozaji, wengine wabaki chini. Mwenye mafua au kikohozi asiende kabisa, hata kama amelipa na ametoka mbali. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu kirahisi; mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia kundi la Gombe, na baadhi yao wakafa au kubaki vilema. Ikitokea sokwe wakashuka hadi njia yenu, simameni, nyamazeni, wapeni nafasi ya mita 10 au zaidi.

Upana wa ufuko haubaki ule ule. Ziwa hili hupanda na kushuka kwa miaka; katika karne ya 19 lilijaa mpaka maji yakavunja na kumwagikia Mto Lukuga upande wa Kongo, na miaka hii ya karibuni limepanda tena, likamega fukwe na kuingia kwenye nyumba za watu kuanzia Bujumbura hadi Kalemie. Mahali palipokuwa na mchanga wa kupishana watu watano, huenda sasa mawimbi yanapiga kwenye mizizi ya miti. Picha ya zamani isikudanganye. Muulize nahodha kipande gani kinapitika mwaka huu, na panapozibwa na maji, pandeni boti mzunguke kona ile, kisha mshuke tena upande wa pili. Boti inayoambaa inalipa gharama yake hapo.

Tarehe ya safari ichague kwa kutazama mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta juu, nao wavuvi huwazungushia nyavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Mgeni anayependa mbalamwezi na ukimya aende wakati huo. Mimi ningekushauri uende siku za giza, ukae nje baada ya chakula, uone taa zinavyotapakaa ziwani hadi upeo wa macho. Kumbuka pia kuna kipindi uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane; mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ndani kabisa ya msimu wa wageni. Kipindi kama hicho hutaona taa, na migebuka itakuwa adimu na ghali.

Baada ya usiku wa giza wenye neema, rudi Kibirizi au nenda mwalo wa Katonga asubuhi ukaone kazi. Boti zinapofika, kina mama huingia majini na mabeseni kupokea dagaa wakiwa bado wanang'aa. Huwatandaza kwenye chanja au juu ya mchanga uliofagiliwa, safu nyembamba ili kila dagaa apate jua, na huwageuza kwa mikono kwa haraka ambayo macho hayaifuati. Jua likiwa kali, jioni dagaa wameshakauka na wanajazwa magunia. Mvua ikinyesha mchana, mtaji wa wiki unaweza kuharibika. Kwa hiyo tembea kando, usikanyage eneo lililofagiliwa hata kama linaonekana tupu, toa shikamoo kwa wakubwa, na omba ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha. Ukitaka kununua, nunua hapo hapo kwa mama aliyekausha.

Kuhusu kuoga ziwani: maji yanavutia na mara nyingi ni maangavu, lakini kichocho kipo sehemu za mwambao, hasa kwenye majani, maji yaliyotuama na karibu na makazi. Mamba wapo ziwani pia, na midomo ya mito ni pa kuepuka. Ogelea pale tu wenyeji au askari wa hifadhi wanapokuelekeza, penye mawe au mchanga safi. Wenye kichefuchefu wakae katikati kuelekea nyuma ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo, wasipande na tumbo tupu. Dawa za presha na kisukari zikae kwenye mfuko usiopitisha maji, mwilini mwa mwenye dawa, zisiwekwe kwenye begi la chini ya mizigo. Kofia yenye kamba, maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu, na kanga ya ziada kwa kila mwanamke. Kanga inafaa kwa jua, kwa baridi ya alfajiri na kwa kubadilishia nguo.

Asiye na siku za kufika Kigoma ana mwanzo mzuri Mwanza. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko mwendo wa dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, kina njia fupi kati ya mawe makubwa, na hakina magari. Nusu siku inatosha, na utajua kama wazee wenu wanaipenda safari ya maji kabla hamjagharimia ile kubwa.

Kwa Gombe, tiketi ya kurudi, iwe ya ndege au ya treni, iwekee siku moja ya akiba. Chukua namba mbili za simu, ya nahodha na ya mwenye boti, uiache ratiba yenu kwa mtu wa gesti mliyofikia mjini, na mwambie saa mnayotarajia kurudi Kibirizi. Asubuhi upepo ukiwa umeamka mapema na nahodha akasema tusubiri, agizeni chai nyingine na msubiri.